Leseni A1 mkononi, dukani unasukumiwa Boxer 150: maduka yabanwe au yaachwe?

Mtumishi Mpya:
Wakuu, habari za jioni. Nimeajiriwa kada ya kilimo, nimepangiwa Kilosa. Kata yangu unaiacha lami Dumila unaingia ndani: kiangazi vumbi, masika tope jeusi. Lena, ile leseni ya kujifunzia, nimemaliza, leseni nimepewa daraja A1, yaani pikipiki yenye injini ya chini ya cc 125. Nimezunguka maduka pale Msamvu, Morogoro mjini, kila muuzaji ananisukumia Boxer 150. Nikisema leseni yangu ni A1 wanacheka, eti trafiki anaangalia kama leseni ipo, herufi haisomi. Sasa sitaki ushauri wa kununua tu, nataka tujadili. Hii A1 ina kazi gani barabarani? Na kwa nini serikali isiyabane maduka yasimuuzie mtu pikipiki inayozidi leseni yake? Mimi naona yabanwe. Halafu mniambie: Boxer 100, TVS 125, au nisubiri nipande daraja nichukue 150?

Kijiwe cha Nanenane:
Dogo, Boxer 100 ni ya kupelekea mayai gulioni. Mlima mdogo tu na abiria mwenye afya, unashuka unasukuma. Ni pikipiki ya manesi na mashangazi wa vikoba. Chukua 150 umalize. Mimi nimeanza na 150 ya mkataba, hesabu elfu kumi kila siku kwa bosi, leseni nimekuja kuikata mbele ya safari na bado niko hai. Jambo moja nakuonya kama kaka: breki ya mbele usiiguse mpaka uzoee. Inarusha.

Nesi wa Gairo:
Manesi tumekukosea nini wewe? Hiyo 100 unayoidharau ndiyo inayobeba boksi la chanjo kwenda vijijini ambako 150 zenu zinalala njiani kwa sababu mmezifunga spika na taa za disko mpaka betri imekufa. Na ukianguka na hiyo 150 yako isiyo na leseni, anayekukata suruali na kukuosha mchanga ni nani? Shangazi wa vikoba?

Kijiwe cha Nanenane:
Dada yangu umepaniki bure. Ilikuwa utani.

Nesi wa Gairo:
Utani wa kwenye kijiwe chenu uache hukohuko.

Bosi wa Mikataba:
Tukirudi kwenye maduka. Mimi nina pikipiki kadhaa barabarani, na sina leseni ya pikipiki, sijawahi kuendesha hata ya mtoto. Nikienda kununua nitaonyesha leseni ya nani? Kadi inatoka kwa jina langu, anayeendesha ni kijana ambaye leo yupo kesho kamwachia deiwaka. Mkisema duka liangalie leseni ya mnunuzi mtakuwa mmefunga biashara ya mikataba nzima, na aliyekusudiwa hamtamgusa.

Mkereketwa:
Bosi wa mikataba ndiye tatizo namba moja la nchi hii. Vijana wanawatumikia mwaka mzima, pikipiki ikikaribia kuwa yao mnaichukua mnasema hesabu imepelea.

Bosi wa Mikataba:
Sijamchukulia mtu. Na mada sio hiyo.

Fundi Spoku:
Nimesoma mpaka kwenye "breki ya mbele usiiguse" nikaweka chini spana. Kijiwe, hiyo ndiyo elimu mnayowapa madogo? Pikipiki ikifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi. Breki yenye nguvu ya kukusimamisha ni ya mbele. Ya nyuma peke yake inaburuta taili, inachora mstari barabarani, unafika kwenye bampa la fuso mstari wako ukiwa mzuri kabisa. Kuna vijana wanaleta pikipiki hapa waya wa breki ya mbele wameutoa kabisa, lever inaning'inia. Ukimuuliza anasema "fundi hiyo inarusha". Inarusha kwa sababu unaikamata ghafla! Inabanwa polepole, ukisikia shoki zimelala ndipo unaongeza.

Kijiwe cha Nanenane:
Fundi wewe unaendesha kutoka gereji mpaka kwa mama ntilie. Njoo Kilosa masika, kwenye tope, ubane hiyo ya mbele yako polepole tuone meno yako.

Fundi Spoku:
Tope na mchanga ni habari nyingine, sikatai. Pale mbele ikifunga tu imeteleza. Lakini dogo atatembea lami pia, na kwenye lami ndiko kuna mabasi.

Mzaramo wa Leicester:
Naingilia kidogo kuhusu cc. Huku Uingereza ukiwa mgeni wa pikipiki unafanya kozi fupi inaitwa CBT, unabandika L nyekundu, unaruhusiwa pikipiki isiyozidi cc 125, na nguvu isizidi kilowati 11. Cheti kinaishi miaka 2. Ukipanda daraja A2 hawahesabu tena cc, wanahesabu nguvu, mwisho kilowati 35. Sasa angalieni: Boxer 150 ina cc 144 na ushee, lakini nguvu yake ni farasi 12 hivi, kama kilowati 9. KTM Duke ya 125 ina kilowati 11. Maana yake 125 ya KTM ina nguvu kuliko Boxer 150. Kwa sheria ya Tanzania, mwenye A1 anaweza kupewa hiyo KTM yenye mbio na akanyimwa Boxer iliyopoa. Hapo sheria inamlinda nani? Australia wao wanachanganya: cc zisizidi 660, halafu wanagawa nguvu kwa uzito.

Mkereketwa:
Haya wa Leicester kaja. Huku mtu anatafuta pikipiki ya kubebea mbolea wewe unatuletea Duke. Duke unaiona wapi Dumila?

Mzaramo wa Leicester:
Nimetoa mfano ndugu yangu. Elewa hoja.

Mkereketwa:
Hoja ni kwamba mkishapanda ndege kila kitu cha nyumbani kinakuwa kibovu.

Mzaramo wa Leicester:
Nimezaliwa Kisarawe, nimejifunzia pikipiki ya mjomba isiyo na saidi mira hata moja. Usinifundishe nyumbani.

Karani wa Herufi:
Kwa faida ya mleta mada. Daraja A ni pikipiki inayozidi cc 125. A1 ni chini ya 125, isiyo na kibehewa cha pembeni. A2 kwetu sio ile ya Leicester, kwetu ni vya miguu mitatu au minne, kwa hiyo bajaji. A3 ni vile vipikipiki vya chini ya cc 50. Wengi hapa wanachanganya A2 yetu na ya Ulaya. Na kabla mtu hajauliza: TVS ya "125" ukisoma vizuri ni 124 na pointi, kwa hiyo inaingia kwenye A1. Hata Honda XL 125 zile za maofisa ugani wa zamani ni 124. Watengenezaji sio wajinga.

Mtumishi Mpya:
Asante sana Karani. Kumbe XL inaingia? Ofisini kuna moja imepaki. Ila ni ndefu, nikikaa nagusa kwa ncha za vidole.

Kijiwe cha Nanenane:
Karani, herufi hazina faida. Trafiki akikukamata ni elfu thelathini, A au A1 au huna kabisa.

Karani wa Herufi:
Elfu thelathini ni ya magari. Ya pikipiki na bajaji ilishushwa bajeti ya 2021, ni elfu kumi.

Kijiwe cha Nanenane:
Elfu kumi ni hesabu ya siku moja! Sasa mnamtisha nani?

Nesi wa Gairo:
Hapo umesema kweli bila kujua. Faini ni hesabu ya siku moja, kwa hiyo haimuumi mtu. Kinachouma ni bima. Umemgonga bibi wa watu anatoka kisimani, kampuni ya bima kitu cha kwanza inauliza leseni ya dereva. Daraja haliendani na pikipiki, hapo unaweza kuwa umewapa mlango wa kutokea. Mtumishi mpya mwenye mkopo wa benki utaanza kumlipa bibi kwa mshahara gani?

Mkereketwa:
Bima nazo ni wizi.

Bosi wa Mikataba:
Bado hakuna aliyenijibu leseni ya nani itaonyeshwa dukani.

Kijana wa Betri:
Nyie wote mnabishana cc, za umeme je? Hazina cc hata moja. Kigali bodaboda wanabadilisha betri kituoni wanaondoka, na Dar zimeanza. Kwa sheria ya cc hiyo ni daraja gani? A3? Maana sifuri iko chini ya 50, hahaha.

Fundi Spoku:
Za umeme zitatuua njaa mafundi. Haina plagi, haina kabureta, haina oili. Nitatengeneza nini, kengele?

Kijana wa Betri:
Breki, fundi. Breki ya mbele.

Fundi Spoku:
Huyo dogo ana akili.

Mama Turiani:
Naomba niseme kwa mtoto aliyeuliza, maana mmemsahau. Baba, usinunue pikipiki usiyoweza kukanyaga chini miguu yote miwili. Kwenye tope ndiko utakakosimama mara kwa mara, na ukisimama mguu ukakosa ardhi, XL inakulalia. Boxer ni fupi, TVS 125 nayo ni fupi. Taili za dukani ni za lami, mwambie fundi akuwekee zenye meno, angalau ya nyuma. Na spea: usiangalie bei ya pikipiki, nenda Dumila gulioni uone klachi pleti za ipi zimetundikwa. Hiyo ndiyo pikipiki yako.

Mtumishi Mpya:
Mama ubarikiwe. Kwa hiyo TVS 125 kwa A1 yangu ni salama kisheria na kimo? Na maduka tumekubaliana yabanwe?

Kijiwe cha Nanenane:
Hakuna tulichokubaliana. Fundi, wewe nakusubiri. Jumapili viwanja vya Nanenane asubuhi, barabara ya vumbi nyuma ya mabanda. Mimi breki ya nyuma, wewe zote mbili, spidi hamsini, tunapima kwa hatua nani kasimama mapema.

Fundi Spoku:
Nipo. Ila kwenye vumbi peke yake hapana, ulishajua utashinda. Tunaanza kwenye lami halafu tunaingia kwenye vumbi.

Kijiwe cha Nanenane:
Lami utanikamatisha kwa trafiki wewe.

Karani wa Herufi:
Na leseni yako ni daraja gani mkuu, kabla hamjaanza?

Kijiwe cha Nanenane:
Karani kalale.

Nesi wa Gairo:
Mimi nakuja na bandeji. Mafuta ya kwenda na kurudi Gairo analipa nani?

Mkereketwa:
Bosi wa mikataba alipe.