MREJESHO: Uvimbe wa mama shingoni

Wakuu, asanteni. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kuhusu uvimbe shingoni mwa mama, anaishi Tukuyu. Wengine mlisema saratani, wengine goita tu (tezi ya shingo kuvimba), ale chumvi yenye madini joto.

Tulimpeleka Mbeya mjini. Daktari alimpa kikombe cha maji, akamwambia anywe taratibu huku anamkodolea shingo. Kila akimeza, uvimbe unapanda na kushuka. Akasema hiyo ni dalili kwamba umeshikana na tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo inayotoa homoni. Zikafuata utrasaundi, damu kupima homoni, halafu sindano nyembamba ya kuvuta seli. Mama alilalamikia bei kuliko sindano.

Majibu: goita yenye vinundu, seli za saratani hazijaonekana. Nilivyoelezwa, seli zimezaliana kupita kiasi lakini zimebaki kwenye eneo lake. Za saratani huvamia nyama za jirani, na zinaweza kusafiri kwa damu au limfu (majimaji ya mwili yenye mishipa yake) zikaota kwingine. Kwa kushika tu kwa mkono huwezi kuwa na uhakika.

Chumvi ya madini joto ni kinga nzuri, hasa huku milimani ambako mvua huosha madini hayo udongoni, ila vinundu vya miaka mingi haviyeyuki kwa chumvi. Na yule aliyeshauri tuuchanje kwa wembe, hapana mkuu.

Upasuaji bado. Anafuatiliwa kliniki; sauti ikikwaruza au akishindwa kumeza, tunawahi kumrudisha.