Nimestaafu, nina muswada wa riwaya: naugeuzaje kuwa skripti ya filamu?

Mwalimu_Mstaafu
Habari za humu wakuu. Nina muswada wa riwaya, maneno kama 40,000, haujachapishwa. Nataka uwe filamu ya saa moja na nusu. Skripti inapangwaje kwenye ukurasa, kipi kinakatwa, na nijilinde vipi kabla sijampa mtu? Kwenye kompyuta najua Word tu. Halafu miaka 61 si kikwazo kwenye kazi hii?

Kalamu_Tanga
Shikamoo mwalimu. Umri wako hauandikwi popote kwenye skripti. Ukurasa wa mbele una jina la kazi, jina lako, simu na tarehe ya rasimu, basi.

Kitakachokusumbua ni hesabu. Ukurasa mmoja uliopangwa sawasawa ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo unahitaji kurasa 90. Ukurasa huo hubeba maneno 150 hadi 200 tu, sehemu kubwa ni nafasi nyeupe. Zidisha mwenyewe: hayazidi maneno 18,000. Zaidi ya nusu ya riwaya inabaki nje. Usianze kwa kupunguza sentensi. Andika kila tukio kwa mstari mmoja kwenye kadi yake, kisha toa kila kadi ambayo ukiiondoa hadithi haiyumbi. Zikibaki 40 hadi 60 uko pazuri. Visa vya pembeni vya jirani na shangazi ndivyo huondoka kwanza, na ndivyo mwandishi huvililia.

Mpangilio: fonti ya Courier saizi 12, karatasi ya A4, ukingo wa kushoto sentimita 3.8. Mazungumzo yanaanza sentimita 6.4 kutoka ukingo wa karatasi, na jina la msemaji, kwa herufi kubwa, kwenye 9.4. Kila sini (tukio la mahali pamoja kwa wakati mmoja) inafunguliwa na NDANI au NJE, mahali, kisha MCHANA au USIKU. Maelezo yote ni wakati uliopo: anaingia, anakaa. Word inaweza, ila kila ukihariri utapigana na nafasi. Trelby, programu ya kuandikia skripti, ni ya bure na inapanga yenyewe.

Bi_Sini
Naongezea kwenye kukata, maana waandishi wa riwaya hukwama hapo, na walimu zaidi (samahani mwalimu). Riwaya inaingia kichwani mwa mtu, kamera haiingii. Tuseme umeandika: "Mzee Salehe alijua mwanawe ameuza shamba, moyo ukamuuma." Wengi humfanya mzee ayatamke hayo hayo peke yake chumbani, na watazamaji wanacheka. Jaribu hivi:

NDANI. SEBULENI KWA MZEE SALEHE. USIKU

Mzee Salehe anasoma hati ya mauziano. Mlango unagongwa. Anaifunika hati kwa sahani ya wali. JUMA anaingia.

MZEE SALEHE
Mahindi yanaendeleaje?

JUMA
Yamestawi, baba.

Mzee anamsogezea sahani, hati ikabaki wazi mezani.

MZEE SALEHE
Kula.

Shamba halijatajwa, na kila mtu ameelewa. Mhusika akizidisha mistari minne mfululizo, kagua kama hahutubii. Ile hotuba ya mwisho ya kuwaonya vijana, ifute.

Pia angalia gharama. Sini ya nje usiku ni taa na jenereta. Harusi ya watu 200 ni nauli na chakula cha watu 200. Skripti ya mgeni yenye lokesheni (mahali pa kupigia picha) 30 huwekwa kando hata kama hadithi ni tamu. Ningekuwa wewe ningetanguliza filamu fupi ya kurasa 10, wahusika watatu, nyumba moja, ndipo niiguse riwaya.

Pwani_254
Kwa anayeandikia kwenye simu: tumia Fountain, mtindo wa kuandika skripti kwa maandishi ya kawaida tu, na programu inayapanga baadaye. Kuna mtego mmoja. Inatambua vichwa vya sini vya Kiingereza, ukiandika NDANI inakuona unaandika maelezo. Anza mstari huo na nukta: .NDANI. SEBULENI.

Kuhusu kujilinda, sheria inalinda maandishi, wazo tupu hailindi. Kwa hiyo usisimulie hadithi mgahawani kabla haijakaa kwenye karatasi. Hakimiliki huanza ukishaandika. Kusajili kunakupa ushahidi. Ofisi za hakimiliki ni hizi: Tanzania nenda COSOTA, Kenya ni KECOBO. Kisha tuma kwa baruapepe, PDF, ili tarehe ibaki.

Mwalimu_Mstaafu
Ahsanteni sana. Kuna mtayarishaji anataka nisaini karatasi ya "haki zote" kabla hajasoma. Ni kawaida?

Bi_Sini
Hapana, usisaini. Kusoma hakuhitaji haki yoyote. Akiipenda, mpe haki ya kuishikilia kwa muda, tuseme miezi 12, kwa malipo kidogo ya mwanzo, na sehemu kubwa ilipwe kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Muda ukiisha hajapiga, kazi inarudi kwako na ile pesa ya mwanzo hairudishwi. Mkataba utaje jina lako litaonekana wapi, nani analipia marekebisho baada ya rasimu ya pili, na kwamba haki ya kuchapisha riwaya inabaki yako. Hilo la mwisho husahaulika sana, na "haki zote" hulibeba.