Konsoli ya mkononi ya kujiundia: Pi Zero 2 W, Pico au simu kuukuu? (ulinganisho)

mjukuu_wa_Chumbageni
Wakuu, habari za leo. Nataka kuunda konsoli ndogo ya mkononi, yaani mashine ya kuchezea gemu, moja kwanza, ikifaulu niongeze tatu au nne. Bajeti haizidi laki moja na nusu, solda na waya ninazo. Nimebakiza njia tatu:

A. Raspberry Pi Zero 2 W (kompyuta ndogo ya bodi moja) na kioo cha rangi.
B. Raspberry Pi Pico (bodi ndogo zaidi, ya chipu moja ya kudhibiti vifaa) na kioo cha inchi 2.8 kinachoendeshwa na chipu ya ILI9341.
C. Simu kuukuu ya Android, niibomoe niiwekee vitufe.

Aliyewahi kuunda aniambie ipi inakaa na chaji na ipi itanifilisi.

Solda Baridi
Mkuu, A na B nimeziunda zote kwa mikono hii, kwa hiyo nakupa nilichopima.

A ilivuta kama miliampea (mA) 450 kwenye volti 5 gemu likiwa linaenda. Kioo na spika vikaifikisha karibu 600, yaani wati 3. Betri ya 2,000 mAh kwa volti 3.7 ni wati-saa (Wh) 7.4, ondoa zinazopotea kwenye kupandisha volti, unabaki na saa mbili na dakika chache. Halafu Zero haina tundu la spika za masikioni, sauti unainunulia bodi yake. Na ukizoea kuizima kwa kukata umeme kama tochi, iko siku memori kadi itagoma.

B yote ilikula 130 mA, na sehemu kubwa ni taa ya nyuma ya kioo. Chipu yenyewe wala huisikii. Betri ileile inakupa saa 15 kwenye karatasi, mimi nilipata 12. Pico ilitoka kwa dola 4 na Zero 2 W kwa dola 15, zote mwaka 2021. Zikifika Kariakoo bei ni nyingine, lakini pengo linabaki palepale.

B inabana kwenye picha. Kioo cha 320×240 kina pikseli 76,800, kila moja biti 16, kwa hiyo fremu moja ni biti 1,228,800. SPI (njia ya waya chache inayopeleka picha kwenye kioo) ya 40 MHz inakupa fremu 32 kwa sekunde, na hapo memori kadi haijadandia waya zilezile. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ni KB 264 tu: picha ya kioo kizima inakula KB 150, ya pili haina pa kukaa. Mimi nilichora 160×144 katikati nikaacha pembeni peusi. Mke wangu akaniuliza kama kioo kimekufa nusu.

nyaya_za_Luthuli
Niaje wadau. Mimi niko Nairobi, naongezea upande wa betri.

Usihangaike kuagiza LiPo (betri bapa za lithiamu) nje, lithiamu kwenye ndege ni kesi. Chukua BL-5C, ile ya Nokia za zamani, 1,020 mAh, duka lolote la simu au redio ndogo wanayo. Chaja yake TP4056 inatosha, ila ile moduli huja imepangwa kuchaji kwa 1 A, ambayo ni nyingi kwa betri hii. Toa kile kipinga cha 1.2k weka 3k, itachaji kwa 400 mA.

Na ukikutana na 18650, ile betri ya lithiamu ya mviringo, imeandikwa 9,900 mAh, cheka uendelee na safari. Seli nzuri ya saizi hiyo inazunguka 3,500. Ipime uzito: ya kweli ina gramu 45 hivi. Mimi niliwahi kuuziwa ya gramu 28, na nilikuwa nimeomba punguzo nikajiona mjanja.

chipukizi_mwanza
C jamani!! Simu iliyopasuka kona ina kioo, betri, chaja, spika na bluetooth, vyote kwa bei ya kioo chenu kimoja. Mnateseka nini?

Solda Baridi
@chipukizi kwa hesabu ya pesa hujakosea, na inauma. Mwenye kiwanda ananunua vioo laki kwa mkupuo, sisi tunanunua kimoja. Ila kaka anataka kuunda tatu au nne zaidi: simu ya pili haitafanana na ya kwanza, ganda ulilochonga linakuwa kuni.

BabaRukia
Salaam vijana. Mmeshaingia kwenye miliampea na hakuna aliyemuuliza kijana nani atacheza, na akiwa wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 nilikuwa kazini Muscat, nikawa na konsoli za mkononi Game Boy ya Nintendo na Game Gear, zote mbili. Game Boy ilitoka 1989 ikiwa na prosesa ya MHz 4 na ushei, KB 8 za RAM, vivuli vinne vya kijani na hakuna taa kabisa. Marekani iliuzwa chini kidogo ya dola 90. Atari wakaja mwaka huohuo na Lynx, ina rangi, ina taa, dola 179.95. Game Gear ya Sega ilifika Marekani 1991 kwa dola 149.99. Kwa macho, Game Boy ilikuwa maskini wa kutupwa.

Sasa betri. Game Boy ilikuwa na nne, unacheza saa 15 au zaidi. Game Gear sita, na baada ya saa tatu, ukibahatika tano, imezima. Ile taa ya nyuma ilikuwa kitaa cha floresenti, kinakunywa betri kama mgeni wa harusi. Nilifanya hesabu mwezi mmoja nikaona betri zinanidai kuliko sigara. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo, alichagua kwa makusudi vipuri vilivyokwisha zoeleka na kushuka bei, na Game Boy pamoja na Game Boy Color zilipita milioni 118 kwa mauzo. Game Gear haikufika hata milioni 12.

Lakini siku ya kukumbuka ni ile nilipokaa nazo ufukweni Matrah saa tisa alasiri. Game Gear kioo cheupe, huoni kitu, unajiona ndevu zako tu. Game Boy, jua lilikuwa ndiyo taa yake. Usiku mambo yakageuka, ikabidi nikae chini ya nguzo ya taa ya barabarani.

mjukuu_wa_Chumbageni
Shikamoo mzee. Umenishika pabaya, maana sikusema. Ni ya babu yangu. Wenzake wa bao wamebaki wawili na hawatoki nje siku hizi. Nataka acheze bao la Kiswahili na mashine. Anakaa barazani kuanzia alasiri hadi magharibi, ndani hakai.

BabaRukia
Marahaba. Sasa rangi za nini? Chukua ile Pico, ila tafuta kioo cha kijani cha 128×64, chipu ya ST7920. Kile cha kijani-njano, usichukue cha buluu, maana cha buluu bila taa hakisomeki. Hata leo wapo wanaoifuata njia hii: Playdate, konsoli ya mkononi ya mwaka 2022, ina kioo cheusi na cheupe kisicho na taa, ingawa kile cha kwake ni kikali zaidi na bei yake si ya bajeti yako.

nyaya_za_Luthuli
Ala! Hesabu inaingia kama imepimwa. Bao ni mashimo 8 kwa safu 4. 128 gawanya kwa 8 ni pikseli 16, 64 gawanya kwa 4 ni 16. Picha nzima ni baiti 1,024. Kumbuka Solda alikuwa analilia KB 150.

mjukuu_wa_Chumbageni
Na kete 22 za namua (hatua ya kwanza ya mchezo) zilizobaki mkononi nitaziandika wapi?

nyaya_za_Luthuli
Eeh, hapo umenikamata. Fanya shimo 16 kwa 14. Safu nne zinakula 56, zinabaki pikseli 8 chini, mstari mmoja wa maandishi. Ndani ya shimo andika idadi, usichore kete mojamoja.

Solda Baridi
Bila taa ya nyuma nakadiria 35 mA kwa vyote. BL-5C moja inakupa zaidi ya siku nzima ya kucheza mfululizo. Kioo kinataka volti 5 na Pico inaongea kwa 3.3, kwa hiyo weka kipandisha volti kidogo na kibadilisha kiwango cha ishara katikati.

Nilifikiria vitufe vinane chini ya kioo, kimoja kwa kila shimo, lakini kila kimoja kitapata upana wa mm 8 hivi. Babu alikuwa na kazi gani?

mjukuu_wa_Chumbageni
Mvuvi. Nyavu za jarife, miaka arobaini.

Solda Baridi
Basi sahau, kwa vidole vya mvuvi ni vyembamba mno. Vitufe vitano vya mm 12 vyenye kofia, mishale minne na cha kukubali. Ganda mpe seremala. Printa ya 3D inafaa pia, ila kwa ganda moja mbao inashikika vizuri. Kalibu ya plastiki ni maelfu ya dola, hiyo waachie wenye viwanda.

mjukuu_wa_Chumbageni
Wakuu narudi baada ya wiki tatu. Nimefunga kila kitu, kioo hakionyeshi chochote. Nimewasha taa yake ya nyuma kujaribu, inawaka, lakini ni kijani kitupu. Msimbo unakubali, hauleti kosa. PSB, pini ya kuchagua namna kioo kinavyowasiliana, nimeipeleka kwenye ardhi ya umeme (GND).

nyaya_za_Luthuli
Nyuma ya kioo kuna skrubu ndogo ya buluu ya kurekebisha weusi. Izungushe polepole.

mjukuu_wa_Chumbageni
Nusu mzunguko tu! Imetokea. Nimempelekea babu, amecheza mara mbili, ameshinda zote. Analalamika kwamba nyumba (shimo kuu la mchezaji) nimeichora duara kama mashimo mengine, anasema nyumba ni ya mraba na hataki kuishika tena mpaka nirekebishe.