Shamba la kukodi bondeni Garashi: Sabaki itanifuata?

Kijana_wa_Shela
Wadau, salaam. Niko Malindi mjini, nimepata ekari mbili za kukodi upande wa Garashi, chini kabisa karibu na mto Sabaki. Nataka kupanda matikiti na pilipili. Bei ni rahisi mpaka natia shaka. Mwenyewe aniambia "maji hayajafika hapa tangu Elnino". Wenye uzoefu, hilo ni la kuaminiwa?

Mama_Mtsere
Mwanangu, muulize Elnino ipi. Kuna ya 1997 iliyoingia mpaka 1998, na kuna ya Novemba 2023. Akisema ya 2023, basi ni juzi tu hiyo.

Wazee wetu hata hizo hawazitaji sana. Mafuriko kwao ni ya 1961. Nchi ilikuwa na ukame na njaa, watu wakaomba mvua, ikaja ikakataa kukatika. Chakula kilikuwa kikiangushwa kwa ndege. Huko bara Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964.

Usichunge mawingu ya Garashi. Mto huu unajaa huku jua likiwaka na vumbi likitimka. Maji ni ya Nairobi, ya Machakos na Ukambani. Yanateremka na Athi, yanakutana na Tsavo ndani ya mbuga, ndipo huitwa Galana, na yakifika kwetu ndiyo Sabaki. Yachukua siku kadhaa njiani, na siku hizo ndizo za kuokoa mali. Mimi nina mtoto wa dada yangu kule Kibwezi. Akinipigia kwamba Athi imechafuka, nang'oa pampu siku hiyo hiyo. Ukiona magogo na povu la rangi ya chai ya maziwa, umechelewa: beba mipira uliyoiwahi, nyingine iache. Mamba nao hupandia mashambani na maji, watu husahau.

Shamba lenyewe lipime. Chukua jembe, chimba shimo la kina cha mkono wako hadi kwapani, kisha tazama ukuta wake. Ukiona mchanga mweupe, juu yake tope jekundu limeshikana kama sabuni, halafu mchanga tena, hapo mto umepita zaidi ya mara moja, aseme mwenyewe atakavyo. Lakini tope hilo ndilo linalokuza tikiti bila mbolea. Sikukatazi kulima. Bondeni palikuwa pa kulima tangu zamani, nyumba zikiwa juu.

Mwalimu_Jiografia
Mama amesema kweli. Niongeze moja: msingoje redio itangaze Elnino. 1961 haikuwa Elnino, ile inayotokana na joto la Bahari ya Pasifiki. Bahari yetu upande huu wa Afrika ilipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua ya vuli ikamwagika kwetu. 2019 ilikuwa hivyo hivyo. 1997 na 2023 yalikutana yote mawili. Kwa hiyo taarifa za Septemba na Oktoba kuhusu Bahari ya Hindi zina faida kwako kuliko za Pasifiki.

Nahodha_Kipini
Afadhali nyinyi mna mto mtupu. Sisi wa Tana tuna mabwawa matano huko juu, Masinga mpaka Kiambere, na watu hudhani yatawakinga. Yamepunguza mafuriko ya kawaida, yale Wapokomo walikuwa wakiyapandia mpunga. Mvua kubwa ikija, bwawa limejaa, maji yanamwagika vile vile, kama 2018. Na Novemba 2023 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika pale Gamba. Mabasi yakakwama, na huko Lamu nyanya tukaziona kwa macho tu.

Kijana_wa_Shela
Ahsanteni sana. Nimemuuliza: ni ya 2023! Jumamosi naenda na jembe. Mama, na kibanda cha mlinzi nikiweke wapi?

Mama_Mtsere
Juu, kando ya njia ya ng'ombe, hata kama atalalamika ni mbali. Yeye ndiye atakayekuwa amelala. Pampu ifunge kwa kamba juu ya toroli, usiijengee saruji. Na kodi usiilipe ya miaka mitatu kwa mpigo. Mwambie utalipa msimu kwa msimu, na vuli ya kwanza mgawane hasara. Akikataa, nipigie, kuna jamaa ana ekari moja Kakuyuni.