Mrejesho: kupunguza mada ya uzamivu, sheria ya mazingira ya bahari na ncha za dunia

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nipunguzeje mada yangu, "ulinzi wa mazingira ya bahari na ncha za dunia", iliyorudishwa kwa kuwa pana mno. Pendekezo jipya limepita.

Kwanza nimezitenganisha ncha. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi, kwa hiyo unaanzia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, hasa ibara ya 234 kuhusu uchafuzi wa meli kwenye maji yenye barafu. Antaktika ni bara, lenye Mkataba wa Antaktika wa 1959 na Itifaki ya Madrid ya 1991, yaani nyongeza ya mkataba huo inayolinda mazingira.

Kosa linaloponza wengi ni kuandika kwamba marufuku ya madini Antaktika inaisha 2048. Haiishi! Ibara ya 7 ya Itifaki, inayoweka marufuku hiyo, haina ukomo wa muda. Ibara ya 25 inasema tu kwamba miaka 50 ikitimia tangu Itifaki ianze kutumika (1998), nchi yenye kura kwenye mikutano ya Mkataba wa Antaktika inaweza kuomba mkutano wa mapitio. Ukikosea hapo, msomaji anajua hujafungua mkataba wenyewe.

Mada sasa ni maneno machache ya Kiambatisho cha 1 cha Itifaki, kinachohusu tathmini ya athari kwa mazingira: "athari ndogo au ya muda mfupi". Mradi ukitarajiwa kuvuka kiwango hicho, tathmini kamili ni lazima, na rasimu yake ipelekwe kwenye kamati ya mazingira ya Itifaki angalau siku 120 kabla ya mkutano wa nchi za Mkataba. Lakini anayepima kama kiwango kimevukwa ni nchi ileile yenye mradi. Swali la utafiti limekaa hapo.