Naomba ushauri: kebo za kutoka mikisa kwenda spika zenye amplifaya ndani

Wakuu, habari zenu. Nina mikisa ndogo na spika mbili zenye amplifaya ndani, nataka kuziunganisha kwa shughuli za ukumbini. Spika moja itakaa kama mita 15 kutoka kwenye mikisa, nyingine karibu tu.

Mikisa ina matundu ya kutolea sauti ya XLR (plagi ya duara yenye pini tatu) na ya jeki ya milimita 6.35, na spika zinapokea zote mbili. Ninavyoelewa, XLR na TRS (ile jeki yenye pete mbili nyeusi) hubeba sauti kwa nyaya mbili pamoja na kinga ya nje, hivyo kelele zinazoingia njiani hufutana. Jeki ya TS, yenye pete moja, haina uwezo huo, na kwa umbali huu naogopa itavuma. Kwa hiyo naegemea XLR, labda mtu anipinge kwa hoja.

Sasa fundi mmoja anasisitiza nichukue waya nene za spika, eti sauti itapita na nguvu zaidi. Mimi najua hizo ni za kutoka amplifaya kwenda spika kavu (zisizo na amplifaya ndani), hata kinga hazina. Nimwambieje huyu bila kugombana?

Halafu: niunge kebo mbili za mita 10 au ninunue moja ya mita 20? Kebo za bei kubwa zina faida gani zaidi ya plagi imara? Na waya wa umeme utapita njia hiyohiyo. Nizitenganishe kiasi gani?