Wajukuu wa Mzee Bakari: siku mbili Mombasa

IJUMAA

13:10 Rehema: Assalaam alaykum wote. Tumetoka Horohoro salama, tuko upande wa Lungalunga tunasubiri mhuri.

13:12 Shangazi Mwanaisha: Waalaykum salaam mwanangu. Msile ndiani. Wali wa nazi nshautia motoni.

13:15 Baba Mdogo Juma: Nimewapangia. Ngomeni Fort Jesus, Mji wa Kale, pembe za ndovu, Marikiti, Haller Park, Nyali, jioni Mama Ngina.

13:16 Rehema: Baba mdogo, tuna siku mbili.

13:16 Baba Mdogo Juma: Ndiyo maana nimeiacha Malindi.

13:31 Zuwena: Babu ametuma sauti kwangu, kikundi kinamshinda. Anasema: "Mke wangu Rehema, ukifika pita karibu na msikiti wa Mandhry, ule wenye mnara mweupe. Uliza kisima. Kutoka kisimani hesabu nyumba ya tatu mkono wa kulia, mlango wa nakshi. Nitumie picha. Huyo Hamisi usimtume, atakuletea mlango wa choo."

13:33 Hamisi: Babu!

16:20 Rehema: Likoni. Wametushusha kwenye basi, tunaingia ferini kwa miguu. Jamani watu! Nimeshika begi kwa mkono mmoja na Hamisi kwa mwingine.

16:22 Hamisi: Nauli ya feri shilingi ngapi?

16:22 Shangazi Mwanaisha: Mtu wa miguu halipi.

16:23 Zuwena: Hamisi anatafuta cha kuzidisha kwa ishirini, apate shilingi za Tanzania 😂

16:24 Rehema: Tangu mpakani. Chupa ya maji: mara ishirini. Dafu sabini: "Elfu moja na mia nne, Rehema, kwa dafu!" Nilinywa huku ananitazama koo.

16:25 Baba Mdogo Juma: Sisi Kigamboni tunalipa mia mbili. Ila siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, mngeweza kuingia bila feri.

16:41 Rehema: Afadhali tumepita huku. Tulipokuwa tunakaribia katikati feri ikapunguza mwendo, ikasimama kabisa. Nikadhani imeharibika. Kumbe meli ya makontena inaingia Kilindini, inapishwa. Ikapita mbele yetu kama ghorofa linalotembea, kimya, nikamwona baharia juu kabisa anaanika shati. Wenyeji hata hawakuinua kichwa. Mama mmoja alikuwa anamenya chungwa.

JUMAMOSI

08:05 Shangazi Mwanaisha: Wageni wangu wala mahamri na mbaazi. Hamisi yuko la sita.

08:07 Hamisi: Maandazi matamu shangazi.

08:07 Shangazi Mwanaisha: Mahamri!

11:50 Rehema: [Picha] Ngomeni. Kuta za matumbawe, nene hivi kwamba ukiingia kwenye kichochoro joto linabaki nje. Wareno walianza kuijenga 1593. Mwelekezaji ametueleza habari za Waarabu wa Oman walioizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Waliokuwa ndani wengi waliuawa na maradhi. Nimekaa juu ya ukuta nikawa natazama mlango wa bahari, nawaza mtu anayesubiri tanga litokeze, mwaka wa kwanza, wa pili.

11:52 Baba Mdogo Juma: Na Hamisi?

11:53 Rehema: Amepakata mzinga.

12:10 Zuwena: Babu tena: "Wakati wangu mimi pale ni jela ya Mwingereza. Mama alikuwa akitukataza kupita karibu na lango. Walipoifunga, 1958, nilikuwa mvulana tayari, na bado nilikuwa napita upande wa pili wa ndia. Mlango umeuona?"

12:11 Rehema: Kesho asubuhi babu, inshallah. Leo miguu imeisha.

15:30 Hamisi: Tumefika kwenye pembe za ndovu, Moi Avenue. [Picha]

15:32 Baba Mdogo Juma: Maajabu! Fikiria ndovu aliyezibeba.

15:33 Zuwena: Baba mdogo, zile ni aluminiamu.

15:33 Ujumbe huu umefutwa.

15:40 Rehema: Na leso nimenunua. Hapa ukisema kanga wanakuelewa lakini wanajua umetoka wapi. Pea moja mia nane.

15:41 Hamisi: Elfu kumi na sita. Tanga ipo hiyohiyo.

15:42 Rehema: Haina jina hili.

15:42 Zuwena: Imeandikwaje?

15:43 Rehema: Nitaivaa siku ya Idi, aliyeandikiwa ataisoma.

18:48 Rehema: Mama Ngina. Mihogo ya kukaanga, imepasuliwa katikati, ikatiwa pilipili ya unga na ndimu, imefungwa kwenye gazeti. Tumekaa chini ya mbuyu. Hamisi amenunua bila kuuliza bei. Nimempapasa paji la uso, hana homa.

JUMAPILI

07:20 Rehema: Babu, mlango. [Picha] Nyumba ya tatu kutoka kisimani.

07:34 Zuwena: Ameitazama kwa miwani, kisha bila miwani. "Ndio. Lakini mbona umekata kushoto? Kushoto kulikuwa na baraza. Nataka baraza."

07:36 Hamisi: Babu, tumeshafika kwenye ofisi ya basi. Linaondoka saa mbili.

07:41 Zuwena: Hajajibu. Ameweka simu chini anatazama ukutani.

07:44 Shangazi Mwanaisha: Basi hilo! Saa mbili ni ya kwenye tikiti. Lile haling'oki kabla ya saa tatu.

07:45 Rehema: Nimechukua tuktuk. Hamisi amebaki na mabegi.

08:02 Rehema: [Picha] [Picha] Baraza lipo babu. Wazee wawili wamelikalia, na muuza kahawa na deli lake. Nilipoomba kupiga picha wakaniuliza mjukuu wa nani. Nikawatajia. Mmoja akauliza, "Bakari aliyekuwa akiogelea bandarini kwenye majahazi?"

08:06 Zuwena: Babu amechukua simu yangu, ameenda nayo uani. Naandika kwa ya mama.

08:15 Hamisi: Rehema, basi limefika.

08:17 Hamisi: Wanapakia mizigo. Na abiria wengine wote wapo.

08:18 Hamisi: REHEMA.

08:19 Rehema: [Picha] Wamenilazimisha kahawa tungu, na kashata. Hiki kikombe cha pili. Ishirini kwa kikombe, zidisha mwenyewe. Nakuja.